Remmy Ongala na wimbo wa baiskeli na pikipiki: anatuonea huruma au anatusema?

Boda wa Kwa Remmy:

Wakuu habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Mimi naendesha boda, kijiwe chetu kipo Sinza, Kwa Remmy, huu mwaka wa sita. Kwa siku nalitaja hilo jina si chini ya mara ishirini. "Niko Kwa Remmy", "nakusubiri Kwa Remmy", "Kwa Remmy mpaka Mwenge buku mbili". Na muda wote huo kwangu Remmy ni kituo tu, kama Mori, kama Afrika Sana. Alipofariki, Desemba 2010, nilikuwa Kahama, darasa la tano. Nilichokuwa nakijua ni kwamba ndiye baba yake Kally Ongala, mchezaji mpira wa Azam. Basi.

Sasa mwezi uliopita nikampakia mzee mmoja, kanzu safi, kofia ya mkono, namshusha Mabibo. Njiani akanigonga bega: "Kijana, Remmy unamjua?" Nikamjibu, "Si ndiyo hapo tulipotoka, mzee." Alicheka mpaka nikaogopa ataanguka. Tulipofika akanilipa, chenji akaniachia, akaniambia nitafute wimbo mmoja tu, Mnyonge Hana Haki, niusikilize nikiwa nimekaa, si nikiwa barabarani.

Nimeusikiliza wiki tatu. Kuna pale anapopanga vyombo: baiskeli haina lake mbele ya pikipiki, pikipiki haina lake mbele ya gari, na gari nalo likikutana na treni limekwisha. Halafu bila hata kubadilisha sauti anakuja kwa masikini na tajiri. Mara ya kwanza nilicheka, nikasema huyu mzee kaimba kijiwe chetu kabla hakijakuwepo. Boda tunaonewa sana, nani hajui.

Kilichonileta hapa ni hiki. Jumanne ya wiki iliyopita mvua imekatika, nipo Shekilango, gari dogo jeusi likanichomekea bila indiketa. Nikaenda chini. Goti limechunika, kioo cha kulia kimevunjika. Mwenye gari akashusha kioo chake nusu, akasema "nyie boda ndivyo mlivyo", akapandisha. Afande akaja, na swali la kwanza kwangu: leseni iko wapi? Mwenye gari akaambiwa aende, ana haraka. Kioo nimenunua mwenyewe, elfu nane.

Usiku nikaweka wimbo ili nijionee huruma vizuri. Nikakumbuka asubuhi ya siku hiyohiyo. Saa kumi na mbili na nusu, mahali hapohapo, kulikuwa na mwenye baiskeli ana tenga la samaki nyuma, anapanda taratibu katikati ya njia. Nimempigia honi mpaka akaingia kwenye mchanga. Nikamwambia atoe mkweche wake barabarani. Vibua kama vitatu vikadondoka. Nilimwona kwenye kioo, kilekile kilichovunjika baadaye, anaviokota kimoja kimoja, anavipangusa mchanga kwa mkono wa shati, anavirudisha kwenye tenga. Hakunijibu kitu.

Kwa hiyo swali langu kwa mliomjua Remmy na nyimbo zake. Pale anapotaja pikipiki, anatuonea huruma au anatusema? Maana mimi nipo katikati ya orodha, na kwa sasa sijui nikae upande gani wa wimbo.

---

Sikinde Damu:

Kijana pole kwa goti.

Ila unamtafutia Remmy mafumbo ambayo hakuyaweka. Mimi ni shabiki wa bendi ya Mlimani Park, yaani Sikinde, toka utotoni, nitasema ukweli hata nikichukiwa. Kwa Sikinde wimbo unaanza na barua, unaingia kwenye ugomvi wa nyumba, beti la tatu ndiyo unagundua kumbe aliyekuwa akilaumiwa ndiye aliyekosewa. Msikilize Cosmas Chidumule kwenye Neema, jinsi anavyolipanga neno mpaka likukae kifuani. Pale kuna mtunzi na kuna mwimbaji.

Remmy anaongea. Anasimama mbele ya kipaza sauti anaongea kama mtu aliyepanda basi bila nauli anamweleza konda shida zake. Baiskeli, pikipiki, gari, treni: hiyo ni orodha ya vyombo vya usafiri, mtoto wa darasa la pili anaweza kuipanga. Na Kiswahili chenyewe unajua kabisa kimevuka ziwa.

Simchukii. Nimecheza sana Matimila, bendi yake, nisiseme uongo. Lakini nilikuwa nacheza, sikuwa nasikiliza.

---

Fundi Kaseti:

@Sikinde Damu wewe na mimi tumeshagombana haya kabla intaneti haijafika nchi hii, sirudii.

Namjibu kijana. Kwanza niambie, umesikiliza toleo lipi? Usimhukumu Remmy kabla hujajua umemsikia kutoka wapi.

Nilikuwa na kibanda cha kurekodi kaseti Kariakoo, na deki mbili. Nieleze kidogo hali ilivyokuwa maana vijana mnadhani wimbo siku zote ulikuwa unapatikana. Bara ilikuwa na redio moja, Redio Tanzania. Kiwanda cha kutengeneza santuri hatukuwa nacho. Bendi inakwenda studio za redio Barabara ya Pugu, maneno yanapitiwa kwanza, kisha wanapiga wote kwa pamoja kama wapo ukumbini, mkanda unabaki redioni. Wao wanalipwa kwenye milango ya dansi. Sisi tuliokuwa mtaani tunakaa na redio, kidole kwenye kitufe, tunasubiri. Ndiyo maana kaseti nyingi za kwangu zinaanza na nusu neno la mtangazaji. Mteja akilalamika namwambia hiyo ndiyo mhuri, ujue ni ya kweli.

Mnyonge Hana Haki ipo kwenye sahani ya Nalilia Mwana ambayo WOMAD, wale wa tamasha la muziki la Uingereza, waliitoa 1988, mwaka ambao waliwapeleka Matimila kuzunguka Ulaya. Mwaka uliofuata, 1989, ikaja Songs for the Poor Man, imerekodiwa Uingereza kwenye studio ya Real World, ile ya mwanamuziki Peter Gabriel. Huko kuna Sauti ya Mnyonge, usichanganye, ni wimbo mwingine. Halafu Mambo, 1992.

Mimi hizi za Uingereza naziheshimu lakini siziweki nikiwa peke yangu. Ni safi mno. Ni kama shati lililopigwa pasi mara mbili, unaogopa kukaa. Za kwetu unasikia chumba, unasikia bezi inavuma kwenye ukuta, magitaa matatu yanagombania nafasi moja na hakuna anayemwambia mwenzake apishe. Nikiri kitu kimoja: kwenye Kipenda Roho ya 1989 ndipo nilipolisikia vizuri solo la gitaa la Batii Osenga kwa mara ya kwanza, kila noti imekaa peke yake. Miaka yote nilikuwa nalisikia kwa kubahatisha.

Sasa swali lako. Kwenye wimbo ule sikiliza gitaa chini ya ile orodha. Halibadiliki. Baiskeli gitaa lilelile, gari lilelile, tajiri lilelile. Kama angetaka kukuonea huruma wewe wa pikipiki angepunguza. Hakupunguza. Mimi kwa sikio langu anahesabu tu, kama karani wa mizani.

---

Mwana wa Kindu:

Jambo bandugu. Mi niko mtu wa Kindu, Maniema, sasa niko Kigoma kwa biashara. Nasoma hapa naona mtu anasema Kiswahili ya Remmy imevuka ziwa. Ndiyo, imevuka. Ilivuka ikiwa nzima.

Ramazani Mtoro Ongala alizaliwa Kindu, 1947. Angalia hilo jina: Ramazani, Mtoro. Kwetu Maniema majina kama hayo ni mengi, Kiswahili na Uislamu vilifika kwetu zamani na misafara, bibi yangu alikuwa hajui lugha ingine. Kwenye sahani ya Mambo kuna wimbo umeandikwa Inchi Yetu. Rafiki yangu wa Dar alicheka, akasema wazungu wamekosea kuandika. Hawajakosea. Sisi tunasema inchi. Alikuwa ameishi Dar miaka zaidi ya kumi, anaimba inchi ya Tanzania, lakini neno lenyewe la nchi akalitamka kwa mdomo wa mama yake. Mimi kila nikiona hiyo "i" mbele ninafurahi peke yangu.

Kuhusu treni. Nyie mnaona ni orodha. Mtoto wa Kindu hawezi kuweka kitu kingine juu kabisa. Reli yetu inatoka kusini inaishia pale kwenye mto, Lualaba. Inapokuja, mji wote unajua. Mwenye gari, mwenye mbuzi, commissaire, wote wanasimama. Ni kitu kimoja tu ambacho hata mkubwa anakipisha. Mimi nadhani alikuwa anakumbuka ile.

Na watu wasisahau, huyu alifika Dar 1978 akiwa mgeni, mjomba wake Makassy ndiye alimwita aje kupiga kwenye Orchestra Makassy, ndipo baadaye akaenda Matimila. Mgeni anajua foleni vizuri kuliko mwenyeji, kwa sababu kila mahali yeye ndiye anaambiwa arudi nyuma.

Kwetu wanasema alizaliwa na meno mawili ya mbele, mama yake alikuwa ameshapoteza watoto, mganga akamkataza asimkate nywele. Ndiyo ile rasta, na ndiyo ile "Dokta". Si mtindo wa Jamaica.

---

Sikinde Damu:

Hiyo ya "inchi" nilikuwa sijui. Hilo nakubali.

Lakini rasta zenyewe si alizikata mwishoni, alipougua, akaokoka, akaingia kwenye injili? Sasa mtuambie na huyo wa injili ni Remmy yuleyule au ni mwingine.

---

Fundi Kaseti:

Na Chidumule wako naye si yuko kwenye injili? Tusiguse hapo, tutaumizana wote.

---

Bibi Zamu ya Usiku:

Wanangu hamjambo. Kijana wa boda, pole sana kwa goti hilo.

Nimekuwa nesi miaka thelathini na mbili, sasa nimestaafu niko Morogoro. Sijui magitaa matatu wala manne. Ila kuhusu Remmy anaonea watu huruma au anawasema, hapo nina la kusema, kwa sababu nilimsikia wakati ambao karibu wote walikuwa wamenyamaza.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini wodi zetu zilikuwa zimejaa. Hatukusema UKIMWI kwa sauti. Kwenye faili tunaandika kifupi, ndugu wanasema ni kifua, ni kurogwa, ni malaria imepanda. Vijana wa miaka ishirini na mitano wamebaki macho tu. Wakati huo ndipo ukatoka Mambo kwa Soksi, na soksi yenyewe ni kondomu. Redio ilikataa kuupiga, ikasema hauna adabu. Kwa hiyo tuliupata kwenye kaseti, kutoka kwa watu kama huyu Fundi.

Kulikuwa na wauguzi wenzangu wawili, wakipata zamu ya usiku pamoja, wakiwa wanakunja mashuka, mmoja anaanza kwa sauti ya chini kabisa, mwingine anaitikia. Soksi! Wanacheka mpaka wanaegemea kabati. Halafu mgonjwa anaita, wananyamaza, wanakwenda. Usiku mmoja kijana wa kitanda cha dirishani akawaambia, "Dada, endeleeni, mimi ndiye niliyechelewa kuusikia." Walirudi stoo hawakucheka tena, lakini waliuimba mpaka mwisho, kwa kuwa aliomba.

Sasa @Sikinde Damu unasema huyu hakuwa na mafumbo. Soksi ni nini kama si fumbo? Ila lilikuwa fumbo la kueleweka na mtu wa kila daraja, konda, askari, mama lishe, papo hapo. Walioelewa haraka kuliko wote ni wale waliolikataza redioni.

Na ninachotaka kukuambia, mwanangu wa boda: kwenye ule wimbo hakuwatenga wabaya pembeni na wema pembeni. Alikuwa anaongea na waliolipa kiingilio, wanaume waliokuwa mbele yake na bia mkononi. Na alianza na nafsi yake. Mtu anayejiita Sura Mbaya mbele za watu, utamwambia nini tena? Kwa hiyo mimi jibu langu ni kwamba anakusema. Anakusema kama mjomba anayekusema wakati chakula kipo mezani na wewe unaendelea kula.

---

Mwana wa Kindu:

Mama, hii ya kitanda cha dirishani nimeisoma mara mbili. Asante.

---

Fundi Kaseti:

Shikamoo dada. Niliziuza nyingi hizo. Mteja alikuwa hataji jina. Anakuja, anaangalia kushoto na kulia, anasema "nipe ile ya miguuni". Hata padri mmoja alituma kijana. Nilimfungia kwenye gazeti.

Napingana nawe kidogo tu. Soksi ilikuwa ya mafundisho, ilitungwa ili watu wabadilike. Mnyonge si wimbo wa mafundisho. Hakuna mahali anamwambia mwenye gari apunguze mwendo wala mwenye pikipiki ampishe baiskeli. Anauliza tu nani atamtetea mnyonge, na hajibu. Ndiyo maana nasema ni karani.

---

Bibi Zamu ya Usiku:

Karani gani anayelia?

---

Fundi Kaseti:

Hapo umenikamata.

---

Sikinde Damu:

Nimeenda kuusikiliza tena, kwa simu, na spika ya mjukuu. Naongea kwa shingo upande. Kitu ambacho sikuwahi kukiona ni kwamba kwenye orodha ile mnyonge hatajwi kwa jina la kazi wala kabila. Sikinde ingempa jina, ingempa mke, ingempa mwajiri. Remmy kamwacha bila sura. Nilikuwa naona ni uvivu wa kutunga. Sasa naona kama si uvivu, maana kijana huyu wa Kahama, aliyekuwa darasa la tano, kaingia humo na pikipiki yake bila kugonga ukuta.

Kiswahili chake bado ni kibaya lakini.

---

Mwana wa Kindu:

Kiko kizuri. Njoo Kindu utasikia kibaya.

---

Boda wa Kwa Remmy:

Wakuu nimesoma yote, nyingine nikiwa kijiweni nasubiri abiria, nimekosa vichwa viwili kwa ajili yenu. Bibi, goti linaendelea vizuri.

Fundi, nilichosikiliza ni hicho cha 1988, ila kwa simu, na mwanzoni hakuna mtangazaji, kwa hiyo kumbe nimekosa mhuri.

Leo asubuhi nimemwona yule wa samaki. Saa ileile, palepale, katikati ya njia vilevile. Nikapaki mbele yake. Akasimama, akashika breki na mguu mmoja chini, nikaona ananitazama kama mtu anayejiandaa kwa ngumi. Nikamsalimia, nikamwambia nataka vibua. Akauliza vingapi, nikasema vitatu. Akanitajia elfu tatu. Hiyo bei wakuu mnajua ni ya kunikomoa, vibua vyenyewe ni vya kidole. Nikalipa. Akavifunga kwenye gazeti taratibu, wala hakuniangalia usoni, na hakuna aliyetaja mchanga.

Nikamsindikiza kidogo, injini nimezima, nasukuma. Nilitaka nimwambie habari ya wimbo nikakosa pa kuanzia. Tumefika kwenye kona, kuna jamaa wa mkokoteni kabeba ndoo za maji, kaziba njia. Yule wa samaki, yule yule aliyenyamaza siku ile, akapiga kengele, akafoka: "Wewe! Toa gari lako hilo la ng'ombe, watu tuna haraka!" Na yule wa mkokoteni akageuka akamfokea mama aliyekuwa anavuka na ndoo ya maandazi.

Mimi nilikaa pale nimeshika samaki wangu.

@Fundi Kaseti hiyo yenye nusu neno la mtangazaji bado unayo? Naomba unirekodie, nakuja nayo flashi.

---

Fundi Kaseti:

Ipo. Njoo Jumamosi, asubuhi, kabla jua halijawa kali maana mkanda wenyewe umechoka. Nitaizungusha mara moja tu.

---

Sikinde Damu:

Mimi nipo Mwenge. Na mimi nataka kuja kusikiliza, nione huo mhuri. Kijana, kunipitia Mwenge mpaka Kariakoo utanichaji ngapi?

---

Boda wa Kwa Remmy:

Kawaida elfu tano mzee. Kwa mtu wa Sikinde elfu saba.

---

Sikinde Damu:

Bei ya kibua hiyo. Nipitie saa tatu.